KAFI LA BAWA: NAMNA YA KULICHAGUA



Katika ukurasa huu wa mafundisho tumezoea kusoma juu ya afya, kilimo na hesabu. Mara hii tunaleta somo juu ya chombo cha michezo, lakini ndani yake mtakuta fizike, mtakuta hesabu, na mtakuta shauri moja ambalo linamfaa hata yule asiyepanda mtumbwi. Chombo chenyewe ni kafi la bawa, lile ambalo washindani wa kayaki wanatumia. Wamoja kati yetu waliona picha za Michezo ya Olimpiki ya Paris ya mwaka 2024, wakauliza: "Mbona makafi yao iko yamepinda kama vijiko? Yameharibika?" Hapana, hayakuharibika. Yalitengenezwa vile kwa kusudi.

Basi tutasema kwanza kafi hilo lilitoka wapi na linafanya kazi namna gani. Kisha tutasema namna ya kulichagua, maana hapo ndipo watu wengi wanapotea. Wanatafuta kafi la bingwa, hawatafuti lile linalofaa mikono yao wenyewe.

1. KAYAKI NA MTUMBWI WETU

Sisi tunaokaa karibu na maji tunajua mtumbwi na kafi lake. Kafi letu liko na bapa moja tu, na mwenye kupiga anapiga upande mmoja, kisha anahamisha upande wa pili kama ni lazima. Kayaki ni chombo kingine. Ilianza kwa watu wa Inuit na jamaa zao huko kaskazini, Greenland, Kanada na Alaska, ambao waliitengeneza kwa mbao ao mifupa na kuifunika ngozi ya wanyama wa bahari. Mpigaji anakaa chini, miguu imenyooka mbele, na kafi lake liko na bapa mbili, moja kila mwisho wa mpini. Anapiga kuume, anapiga kushoto, bila kubadilisha mikono.

Mashindano ya kayaki yaliingia katika Michezo ya Olimpiki mwaka 1936 pale Berlin. Wanawake walianza kushindana mwaka 1948 pale London. Kayaki ya mtu mmoja ya mbio fupi haipite metre 5 na santimetre 20 kwa urefu, na uzito wake hauruhusiwi kuwa chini ya kilo 12. Ni nyembamba sana. Mtu asiyezoea anaanguka mu maji mbele hajapiga kafi mara tatu. Mkumbuke neno hilo la kuanguka, tutalirudilia.

2. BAWA LILITOKA WAPI

Kwa miaka mingi makafi ya mashindano yalikuwa bapa ya kawaida, yamejikunja kidogo tu. Mpigaji alichovya mbele na kuvuta nyuma moja kwa moja, karibu na ubavu wa chombo. Watu walifikiri kwamba hakuna njia ingine.

Katika miaka ya 1980 Waswedi, na kati yao Stefan Lindeberg, walileta bapa lenye umbo la bawa la ndege. Upande mmoja umeingia ndani kama kijiko, upande wa pili umetoka nje, na ukingo mmoja umekunjwa na kuwa mnene. Kisha Mnorwe Einar Rasmussen aliendeleza kazi hiyo, akatengeneza bapa lililopindwa kidogo kutoka mpini mpaka ncha, jembamba karibu na mpini na pana kuelekea mwisho, sawasawa na tone la maji linaloning'inia. Mambo yalikwenda upesi. Mu 1988, kwenye Olimpiki ya Seoul, kafi la bawa lilikuwa limekwisha kuenea kati ya washindani wakubwa. Pale Mwamerika Greg Barton, aliyezaliwa na miguu iliyopinda, alishinda medali mbili za dhahabu za metre 1000, moja peke yake na moja pamoja na mwenzake.

Tangu wakati ule bawa halikuacha mashindano. Lisa Carrington wa New Zealand alishinda medali za dhahabu nane tangu London 2012 mpaka Paris 2024. Na Afrika pia iko na mfano: Bridgitte Hartley wa Afrika Kusini alipata medali ya shaba pale London 2012 katika metre 500.

3. LINAFANYA KAZI NAMNA GANI

Hapa tunaomba wenzetu wa kalasi za chini wasiogope. Tutaeleza pole pole.

Ukivuta kafi la kawaida nyuma, maji yanakimbia kandokando ya bapa, kushoto na kuume, na nyuma yake yanazunguka-zunguka. Nguvu yako nyingine inaishia mu ule mzunguko wa bure. Tena bapa lenyewe linatetemeka mkononi, kwa sababu maji yanatoka mara upande huu, mara upande ule. Na zaidi ya yote, bapa linateleza nyuma. Ulifikiri unashika maji kama mtu anavyoshika mti apate kujivuta, kumbe mti wenyewe unakuja kwako.

Kafi la bawa halivutwi nyuma moja kwa moja. Linachovywa mbele, karibu na vidole vya miguu na karibu na chombo. Kisha, mwili unapogeuka, bapa linakwenda kando, linaachana na chombo kama mlango unaofunguka. Ukingo mnene unatangulia na kukata maji. Maji yanapita juu ya mgongo wa bapa, ambao unatazama mbele, na pale mkandamizo unapunguka. Ndani ya kijiko, upande unaotazama nyuma, mkandamizo unazidi. Kwa hiyo bapa linasukumwa mbele, kama vile bawa la ndege linavyosukumwa juu. Mwenye kupenda Newton aseme hivi: bapa linageuza maji na kuyatupa nyuma, na maji yanalisukuma bapa mbele. Ni jambo lile lile.

Matokeo ni kwamba bapa halitelezi nyuma sana. Linatulia mu maji, halitetemeki, na mpigaji anapata kitu cha kushikilia. Ndipo anasukuma kwa miguu, anageuza kiuno na mgongo, na chombo kinapita.

Muangalie vizuri neno hili: mwili unapogeuka. Bawa linafanya kazi kwa sababu ya njia linayopita, na njia hiyo inatoka kwa kiuno na mgongo, si kwa mkono peke yake. Mwenye kuvuta kwa mikono tu, kama mtu anayevuta ndoo ya kisima, anabeba bawa lakini halitumii. Kwa hiyo swali la kwanza la mnunuzi si "Ni lipi lenye nguvu zaidi?" Swali la kwanza ni "Ni lipi litaniacha nigeuze mwili wangu vizuri tangu mwanzo mpaka mwisho?"

4. MAMBO MATANO YA KUPIMA

(a) Ukubwa wa bapa. Hili ndilo jambo la kwanza na ndilo linaloleta makosa mengi. Bapa za bawa ziko karibu na santimetre mraba 650 kwa zile ndogo, na zinapita kidogo 800 kwa zile kubwa. Kijana mwenye nguvu anaona kubwa, anasema: "Nipe ile, itabeba maji mengi." Ni kweli, itabeba maji mengi. Lakini maji hayo yote ni yeye atayavuta, mara mia na mia. Kwa mapigo ishirini ya kwanza atafurahi sana. Kisha mapigo yake yatapunguka, kiuno kitaacha kugeuka, viwiko vitakunjika mapema, na kazi yote itaangukia mabega. Bega ni kiungo chenye kutembea pande nyingi, na kwa hiyo ni rahisi kuumia. Bega lililoumia kwa mapigo elfu nyingi halitapona kwa kupumzika siku moja.

Shauri letu: kama unasita kati ya bapa mbili, chukua ndogo. Na kijana ambaye mwili wake ungali unakua asipewe bapa la mtu mzima. Nguo ya kaka mkubwa unaweza kukunja mikono ukaivaa, lakini bapa halikunjwi.

(b) Umbo la bapa. Kuna jamaa mbili kubwa. Ya kwanza iko na kingo ambazo zinakwenda karibu sawasawa, upana ule ule kutoka juu mpaka chini. Hii inashika maji kwa upole, inatulia, na nguvu yake inaenea katika pigo lote. Ya pili ni ile ya tone la maji, pana kwenye ncha. Hii inashika maji upesi na kwa nguvu pale mbele, kisha inatoka kwa urahisi. Mwenye mbio fupi na mwenye ujuzi anapenda ya pili, maana pale mwanzo wa mbio kila kitu ni kushika upesi. Lakini yule asiyejua bado kuchovya vizuri ataumizwa na ukali wake. Kati ya jamaa hizo mbili kuna maumbo mengi ya katikati, na mtu anayeanza atafaidika kukaa pale katikati.

(c) Urefu. Kwa mbio za maji matulivu, wanaume wazima wengi wanatumia kafi la santimetre 215 mpaka 222 hivi, na wanawake wengi santimetre 210 mpaka 216 hivi. Wale wa bahari yenye mawimbi wanapunguza tena, mara nyingi kati ya 205 na 215. Lakini hesabu hizi ni za kuanzia tu.

Kuna kipimo cha zamani ambacho hakihitaji pesa. Simama wima, simamisha kafi karibu na wewe, nyoosha mkono juu. Kama vidole vinafika na kukunjika juu ya ncha ya bapa kwenye kiungo cha kwanza ao cha pili, urefu uko karibu na wako. Kama hufiki kabisa, kafi ni refu. Kama kiganja chote kinapita juu, ni fupi.

Kisha upime namna ya kushika. Weka mpini juu ya kichwa, mikono miwili imeshika, na uangalie viwiko: vifanye karibu pembe mraba, ao vifunguke zaidi kidogo. Tia alama ya utepe pale vidole viliposhika, ili kila siku ushike mahali pale pale. Wengi wanalaumu kafi, kumbe kila siku wanalishika namna ingine.

Kafi refu ni kama mti mrefu wa kuinulia jiwe, lakini kinyume. Mkono wako uko karibu na mwanzo, na mzigo uko mbali kule kwenye ncha. Kila santimetre unayoongeza inaongeza uzito wa kazi. Kwa hiyo anza na fupi, kisha ongeza santimetre moja moja, na ukae na kila kipimo siku nyingi kabla ya kuhukumu.

(d) Pembe kati ya bapa mbili. Mukitazama kafi kutoka mwisho wake, mutaona bapa mbili hazitazami upande mmoja. Hii ni juu ya nini? Ni juu ya upepo: bapa moja likiwa mu maji, lingine linapita hewani, na afadhali lipite kwa ukingo kuliko kwa uso wote. Zamani wengi walifunga pembe karibu na digri 90. Lakini pembe kubwa inalazimisha kifundo cha mkono kugeuka sana kwa kila pigo. Leo washindani wengi wa maji matulivu wako kati ya digri 60 na 75 hivi, na wale wa bahari wanashuka mara nyingi mpaka 45 ao 60. Kama kifundo cha mkono kinauma, punguza pembe mbele ya kutafuta dawa.

Tena mujue kwamba bawa liko na upande wake: bapa la kuume ni la kuume, la kushoto ni la kushoto. Hauwezi kuligeuza. Ukishika kafi limelala mbele yako, na kijiko kinakutazama, ukingo mnene uliokunjwa uwe juu. Ukiukuta chini, umeshika kafi kichwa-chini, na litakukatalia mu maji.

(e) Mpini na ugumu wake. Mipini ya leo imetengenezwa kwa nyuzi za karboni, ao kwa karboni iliyochanganywa na nyuzi za kioo. Mpini mgumu sana unatuma nguvu yote mu maji, lakini unarudisha pia kila mshituko ku bega na kiwiko. Mpini wenye kuregea kidogo unasamehe. Mtu wa mbio fupi atapenda mgumu. Mtu wa njia ndefu, ao mtu ambaye viungo vyake vilikwisha kuuma, achague wenye kuregea. Unene wa mpini ni karibu na milimetre 30, lakini kuna ile iliyo myembamba zaidi kwa wenye mikono midogo. Mtu mwenye kushika mpini mnene kupita mkono wake anakaza vidole bila kupumzika, na uchovu unapanda mpaka ku shingo.

Kafi zima la karboni halifiki kilo moja. Watu wanashindania grame kumi kumi na kulipa pesa nyingi. Sisi tunaona kwamba ukubwa wa bapa na urefu vikiwa sawa, hizo grame zinaweza kungoja.

5. HESABU KIDOGO

Sasa tuchukue kalamu. Huu ni mfano wetu wenyewe, tumeuweka ili jambo lionekane.

Vijana wawili wanashindana metre 1000. Wa kwanza anatumia bapa lenye kumfaa. Kila pigo linampeleka metre 2,5. Anapiga mara 100 kwa dakika, na anaweza kushika mwendo ule mpaka mwisho. Kwa dakika moja anakwenda metre 250. Kwa hiyo anamaliza kwa dakika 4 kamili, na mapigo yake yote ni 400.

Wa pili amechagua bapa kubwa. Kila pigo linampeleka metre 2,6. Yeye pia anaanza kwa mapigo 100. Kwa dakika mbili za kwanza anakwenda metre 520, na mwenzake metre 500 tu. Watu kando ya maji wanapiga makelele, wanasema bapa kubwa ndilo zuri. Lakini sasa amechoka, na mapigo yake yanashuka mpaka 85 kwa dakika. Mara 85 kwa 2,6 ni metre 221 kwa dakika. Amebaki na metre 480. Kugawanya 480 kwa 221 kunatoa dakika 2 na sekunde 10 hivi. Jumla: dakika 4 na sekunde 10.

Wakati wa kwanza anapovuka mstari, wa pili angali nyuma metre 38. Hizo ni zaidi ya kayaki saba zimepangwa moja nyuma ya ingine. Na katika mfano huu tumemhurumia: tumekubali kwamba kila pigo lake linabaki metre 2,6 hata amechoka. Kwa kweli pigo la mtu aliyechoka linafupika pia.

Hapo ndipo tunapata kanuni ya somo letu: kafi halipimwi kwa metre mia ya kwanza, linapimwa kwa metre mia mbili za mwisho. Ukilijaribu kafi kwa dakika tano karibu na pwani, umejaribu furaha yako tu. Lijaribu mwisho wa zoezi, wakati mikono imechoka. Mwenzako ahesabu mapigo yako kwa dakika moja mwanzoni, na kwa dakika moja mwishoni, ukifanya bidii ile ile. Kama hesabu imeanguka sana, bapa ni kubwa, ao kafi ni refu. Punguza kimoja, si vyote viwili siku moja, kusudi ujue ni kipi kilichosaidia.

6. MAJI GANI, NA NANI ASUBIRI

Bawa si la kila mtu wala la kila maji. Lilitengenezwa kwa kwenda mbele. Kwa kurudi nyuma ni baya. Kwa kuvuta chombo kando ni baya. Na kwa kuegemea juu ya maji wakati chombo kinapinduka, kafi la kawaida linasaidia zaidi, maana bapa lake linakaa juu ya maji bila kujivuta huku na huku. Bawa likiwekwa vibaya linaweza kuzama kando na kumpeleka mwenyewe pamoja nalo.

Ndiyo sababu tulisema mukumbuke neno la kuanguka. Mtu asiyejua bado kukaa katika chombo, asiyejua kuogelea vizuri, ao asiye na jaketi la kuokolea, hana haja ya bawa. Haja yake ni jaketi kwanza, kuogelea pili, na chombo kipana tatu. Bawa litamngoja. Tunajua wengine watacheka, lakini ziwa halichezi na mtu.

Mu mito yenye mawe, mtu anayecheza kati ya mapovu na kugeuka-geuka anatumia kafi la kawaida lenye bapa ngumu. Lakini si kila mto. Huko Afrika Kusini kuna mashindano ya Dusi, kutoka Pietermaritzburg mpaka Durban, karibu kilometre 120, yaliyoanza mwaka 1951. Mule kuna mawe, na kuna mahali ambapo washindani wanabeba chombo begani na kukimbia kwa miguu. Hata pale wengi wanatumia bawa, kwa sababu njia ni ndefu na kazi kubwa ni kwenda mbele. Lakini mwenye akili anachagua lile lenye kingo imara, wala hatafuti lile jepesi kupita yote. Munaona? Si jina la mto linaloamua, ni kazi ambayo mtu anakwenda kufanya.

7. KAMA PESA NI YA KAFI MOJA TU

Kafi zuri la bawa la karboni linauzwa dola mia kadhaa za Marekani. Hiyo ni pesa nyingi kwa jamaa, na ni pesa nyingi hata kwa chama cha vijana kilichokusanya mchango mwaka mzima. Basi kama chama kiko na pesa ya kafi moja, kifanye nini?

Kwanza, wasinunue kwa kipimo cha yule mwenye nguvu kupita wote. Hili ni jaribu kubwa, kwa sababu yeye ndiye anasikika zaidi wakati wa kuchagua. Kafi lenye bapa kubwa litamfaa yeye, na wengine wote wataumia ao wataacha mchezo. Wanunue bapa la kadiri, ao dogo kidogo. Mwenye nguvu anaweza kwenda mbio na bapa dogo kwa kuongeza mapigo. Mwenye nguvu kidogo hawezi kufanya lolote juu ya bapa kubwa.

Pili, wachague mpini unaofunguliwa katikati na kufungwa tena, ambao unaruhusu kuongeza ao kupunguza santimetre 5 mpaka 10, na kubadilisha pembe. Hivyo kafi moja linafaa watu wengi. Kila mtu aandike katika daftari urefu wake na pembe yake.

Tatu, kama kuna kafi lililotumika, waliangalie kwa mikono na si kwa macho tu. Wapitishe kidole polepole juu ya kingo zote kutafuta ufa. Waligonge-gonge kidogo kwa ukucha: mahali ambapo sauti inabadilika na kuwa kama ya kitu kitupu, ndani kunaweza kuwa kumeachana. Wageuze kiungo cha katikati waone kama kinacheza.

Utunzaji wake ni mfupi kusema. Usisukume chombo kutoka mawe kwa ncha ya bapa. Usiliweke chini mahali watu wanapita. Ukitoka mu maji ya chumvi, lioshe kwa maji matamu. Karboni ni ngumu kwa kuvuta, lakini pigo moja la jiwe kwenye ukingo linaweza kuanzisha ufa ambao hautauona mpaka siku ya mashindano.

8. KWA KUMALIZIA

Tumesema mengi, lakini neno ni moja. Bawa lilibadilisha mchezo wa kayaki kwa sababu watu walikubali kwamba njia ya zamani ya kuvuta haikuwa ya mwisho. Lakini bawa hilo hilo linamrudisha nyuma mwenye kulichagua kwa macho, ao kwa jina la bingwa. Lisa Carrington anajua kafi lake, maana analijaribu kwa mwili wake na kwa mbio zake. Sisi tukichukua vipimo vyake tutakuwa na kafi la Carrington mikononi mwetu, lakini hatutakuwa na mgongo wake.

Hata katika masomo tuko vile vile. Wamoja kati yetu wanachukua utaratibu wa mwenzao aliyefaulu, kusoma usiku kucha bila kulala, na wiki ya kwanza wanasifiwa. Wanafika kwenye mtihani wakiwa wamekwisha. Tuulizane vizuri: utaratibu wangu utanifikisha metre mia mbili za mwisho?

MASWALI YA KUJIJARIBU

1. Eleza kwa maneno yako mwenyewe: kwa nini bapa la bawa linakwenda kando na si nyuma moja kwa moja?

2. Kijana anapiga mara 96 kwa dakika, na kila pigo ni metre 2,5. Atamaliza metre 1000 kwa dakika ngapi na sekunde ngapi?

3. Mtu analalamika kwamba kifundo cha mkono wake wa kuume kinauma kila jioni. Taja vitu viwili vya kafi ambavyo ungechunguza kwanza.

4. Chama cha vijana kumi wenye urefu mbalimbali kinanunua kafi moja. Andika vipimo ambavyo ungechagua, na sababu zako.

Majibu yaletwe kwenye chumba cha masomo kabla ya Ijumaa. Wenye kukosana na sisi juu ya hesabu ya namba 5 waje na kalamu yao, tutafurahi kuwasikiliza.

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa sita